Farasi anakohoa akianza mwendo wa matiti tu, stetoskopu inasema mapafu safi. Kuna kipimo cha kuwahi?

Saisi wa Mjimwema (mleta mada)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wale wakubwa.

Mimi ni saisi (mtunza farasi) huku Kigamboni, upande wa Mjimwema. Tuna banda la farasi wachache, wageni na watoto wa mjini huja kuwapanda ufukweni wikiendi. Kwetu ni Kondoa, nimekua na punda. Farasi nimejifunzia hapa hapa kazini, kwa hiyo nikiuliza la ajabu mnivumilie.

Shida yangu ni farasi mmoja wa kijivu, dume aliyehasiwa, tunamwita Kipanga. Umri kama miaka 12. Ndiye mpole kuliko wote, mtoto anayelia tunampandisha kwake na kilio kinaisha. Tangu masika iishe naona hivi: asubuhi nikimtoa anatembea vizuri kabisa. Nikimwanzisha matiti (zile mbio ndogo kabla ya shoti) anakohoa mara mbili au tatu, anashusha kichwa, anapiga chafya, basi. Hakohoi tena mpaka kesho. Aliye juu yake wala hajui kama kuna kitu. Kazi ikiisha, puani anatoa ute mweupe kidogo, mwepesi, si wa njano na hauna harufu. Na ile shoti (mbio za kasi) ya mwisho ya kurudi nyumbani, zamani lazima ashindane na Malaika (jike tunalotoka nalo), ukimzuia anavuta hatamu mpaka mikono inauma. Siku hizi anakaa nyuma kwa hiari yake. Tukifika, Malaika ameshatulia anatafuta maji, Kipanga tundu za pua bado ziko wazi na mbavu zinakwenda.

Anakula, hajakonda. Joto nampima kwa sababu bosi ametuwekea sheria, farasi akionyesha lolote la kifua cha kwanza ni kipimajoto: 37.9, kesho yake 38.0. Akiwa amesimama bandani nimemhesabia pumzi ubavuni, ni 12 kwa dakika.

Daktari wa mifugo alikuja, akamsikiliza kwa stetoskopu kushoto na kulia, akasema mapafu safi, mpumzisheni. Tukampumzisha. Alivyorudi kazini, kikohozi kile kile, saa ile ile.

Sasa bosi wetu ni mama aliyewahi kukaa na farasi Ulaya. Anasema kule kuna kipimo cha kupima uwezo wa mapafu, farasi anavalishwa maski, na kinaona tatizo kabla halijajitokeza. Je, ni kweli? Kinaona nini ambacho sikio la daktari halikuona? Na sisi wa hapa Dar tufanyeje, tungoje azidiwe ndiyo tujue? Jirani kaniambia nimsagie vidonge vya pumu vya binadamu. Sijampa.

Kijana wa Tandika

Kumbe Dar kuna farasi wa kupanda? Mimi nawajua wa polisi tu, wale wanaosimama nje ya uwanja siku ya Simba na Yanga. Na siku ile farasi hawakohoi, tunaokohoa ni sisi. Niko pembeni nasoma, endeleeni.

Mchunga Punda

Maski ya nini mkuu. Farasi wa Pwani adui yake anajulikana, ni ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi. Mimi nimeona farasi mzima jioni, asubuhi mapovu yanatoka puani na kesho yake anazikwa. Mchome chanjo, mengine ni mambo ya Wazungu.

Dokta wa Kwato

Naanza na Mchunga Punda kwa sababu alichokitaja ndicho kinachoua. Ugonjwa wa farasi wa Afrika ni wa virusi, unabebwa na usubi, na ukishika mapafu hauchukui wiki. Homa inapanda kwanza, halafu pumzi inakuwa nzito, halafu yale mapovu. Punda wengi wanaupita salama na pundamilia hata hajui kama anao, ila farasi anaondoka. Ndiyo maana sheria ya bosi wako ya kipimajoto ni nzuri kuliko mashine yoyote tutakayoijadili humu. Farasi mzima yuko kati ya 37.5 na 38.5. Akivuka hapo na ana dalili ya kifua, acha kuandika kwenye uzi, mpigie daktari.

Lakini Kipanga si huyo. Wiki kadhaa bila homa, anakula, anakohoa mwanzo wa kazi, anachelewa kurudisha pumzi, amepoteza ushindani. Maelezo yako saisi yanaelekea kwenye pumu ya farasi, ile ya kiwango kidogo mpaka cha kati. Ile kali nayo ipo: farasi anahema kwa tumbo akiwa amesimama tu, na ubavuni unamwona ana mstari wa misuli iliyokua kwa kusukuma pumzi. Huko hamjafika. Na hapo ndipo kipimo anachokisema bosi kinapokuwa na maana, kwa sababu ile kali huhitaji mashine kuiona, hata muuza madafu wa pale ufukweni ataiona.

Kwa nini stetoskopu ilikaa kimya? Farasi ana akiba kubwa mno ya mapafu. Akisimama anavuta kama lita 5 kwa pumzi moja. Kwa pumzi zako 12 hizo ni lita 60 kwa dakika. Farasi huyo huyo akipigwa shoti ya nguvu anapitisha zaidi ya lita 1,500 kwa dakika. Kwa hiyo bandani unamsikiliza mnyama anayetumia kipande kidogo tu cha alichonacho. Halafu akiwa ametulia, sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa iko puani na kooni, siyo kule chini kwenye vijitawi vidogo vya njia za hewa ambako vumbi linaanzia kazi yake. Vijitawi ni vingi sana. Fikiria vichochoro vya Manzese: vikizibwa vichache, ukiwa umesimama Barabara ya Morogoro utaona magari yanapita kama kawaida.

Mwulize daktari wenu kama alimziba pua kwa mfuko. Simaanishi kumkosoa, nauliza tu. Unachukua mfuko mkubwa wa plastiki (ile ya sokoni ilipigwa marufuku 2019, tumia mpya ya aina ya taka za hospitali), unauweka puani kwa dakika moja hivi mpaka farasi aanze kuvuta pumzi ndefu mwenyewe, na mwingine anasikiliza kifua. Hapo ndipo miluzi midogo na mikwaruzo inapojitokeza. Mzima ukiutoa mfuko anarudi kawaida kwa pumzi chache. Mwenye tatizo anakohoa, au anachelewa kutulia.

Sasa mashine. Nilisoma SUA Morogoro kama wengi wetu, halafu nikapata bahati ya kwenda Ubelgiji kuongeza shule, na kazi yangu kubwa kule ilikuwa kushika maski. Vipimo si kimoja, na hapa ndipo watu wanapouziana maneno.

Cha zamani ni cha puto. Mpira mwembamba wenye kijiputo unapitishwa puani unaingia kwenye umio mpaka usawa wa kifua, unapima presha inavyopanda na kushuka kila anapohema. Farasi mzima mabadiliko yake ni madogo, chini ya sentimita 10 za maji (ndivyo presha hii inavyohesabiwa). Mwenye pumu kali akiwa amebanwa anavuka 15. Kipimo kizuri, lakini kwa farasi wa aina ya Kipanga kitakuambia mzima, kwa sababu ile ile ya stetoskopu: anapimwa amesimama. Mtu akikuletea hicho kama kipimo cha kuwahi, mwambie asante.

Kingine kinatumia mitetemo ya hewa. Farasi anavaa maski isiyovuja, anahema zake, mashine inamtumia mitetemo ya kasi mbalimbali na kusoma inavyorudi. Ya kasi kubwa inaishia njia za juu, ya kasi ndogo inafika chini kabisa. Ukinzani ukiwa mkubwa kwenye ile ya kasi ndogo kuliko ya kasi kubwa, unajua shida iko kwenye vijitawi. Hiki kina jicho kali kuliko puto. Ila kichwa cha farasi kikae sawa, akikunja shingo majibu yanayumba. Nimeshika vichwa vizito vya kutosha.

Ninachokiamini mimi kwa kuwahi ni kile cha kuyachokoza mapafu. Mikanda miwili, mmoja kifuani mmoja tumboni, na maski yenye kipima mkondo wa hewa. Kwanza anavuta mvuke wa maji ya chumvi peke yake, ndiyo mwanzo wa kulinganisha. Halafu mvuke wenye histamini kidogo (kemikali inayobana njia za hewa), dozi inapandishwa hatua kwa hatua. Njia za hewa zikianza kujibana, mwendo wa kifua na mkondo wa puani vinaachana, na kompyuta inapima huko kuachana. Tofauti ikiongezeka kwa asilimia 35 unasimama hapo hapo, unaandika ni dozi ipi, unampulizia salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, ili zifunguke. Mapafu matulivu yanavumilia dozi kubwa. Yanayojibana chini ya miligramu 6 kwa mililita yanahesabiwa kuwa mepesi kuchokozeka. Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ni miongoni mwa waliokijenga kipimo hiki.

Nakumbuka jike moja la kuruka viunzi, manyoya yanang'aa, namba zake za kusimama zote nzuri. Mwenyewe amekunja mikono, uso unasema mnanipotezea hela. Maji ya chumvi, kimya. Dozi ya kwanza, mistari miwili ya kwenye kioo ikaanza kuachana. Ya pili tukazima mashine, farasi anakohoa ndani ya maski, mate yamenirukia mpaka kwenye miwani. Yule mwenyewe akakunjua mikono.

Kwa Dar sijaiona mashine hiyo na sitakudanganya kwamba nenda mahali fulani utaipata. Lakini Kipanga bila kujua anafanyiwa kipimo cha uchokozi kila asubuhi. Kwa hiyo nijibu: marobota ya majani yanakaa wapi? Chini analalia nini? Nani anafagia, saa ngapi, farasi wakiwa wapi?

Pumzi Ndefu

Dokta nimekusoma mara mbili. Mimi napima pumzi za binadamu hospitalini. Kazi yangu yote ni kupiga kelele: vuta, vuta, vutaaa, haya puliza kwa nguvu, endelea, endelea, usiache! Mgonjwa asipotii kipimo hakina maana. Farasi unamwambiaje apulize? Na kwetu kinachotazamwa zaidi ni hewa inayotoka sekunde ya kwanza. Kwa farasi hicho hakipo?

Dokta wa Kwato

Kipo, nimekicheka kwanza kisha nitakueleza. Huwezi kumwambia, kwa hiyo unampulizishia. Pale Purdue, Indiana, walitengeneza mtambo: farasi anachomwa sindano ya kumpoza, mpira unapitishwa puani mpaka kwenye koromeo la hewa, mashine inajaza mapafu mpaka juu, halafu valvu inafunguka kwenye tangi lililonyonywa hewa na mapafu yanafyonzwa kwa kishindo. Unapata mchoro wako wa kawaida kabisa, na sehemu ya mwisho ya mchoro ule ndiyo inayosema habari za vijitawi vidogo. Makala yao ilitoka mwaka 2000. Ni kazi nzuri ya utafiti, ila si kitu cha kubeba kwenye Noah ukavuka nacho daraja la Kigamboni.

Jambo moja farasi anatuzidi usumbufu: hahemi kwa mdomo. Njia yake ni pua tu. Na akiwa kwenye shoti, hatua moja pumzi moja, mwili ndio unampangia. Binadamu akichoka anaweza kukimbia na kuhema ovyo anavyotaka, farasi hana nafasi hiyo. Ndiyo maana kibanio kidogo ambacho bandani hakionekani kinamnyang'anya ushindani kwenye shoti.

Saisi wa Mjimwema

Dokta nashukuru sana, majibu ni haya.

Marobota tunayapokea kwa Fuso kutoka bara, tunayapanga ndani ya banda, mwisho kule kwenye kona ili mvua isiyafikie. Chumba cha Kipanga ndicho kinachofuata, ukuta wa kati ni wa mbao na haufiki juu. Malaika yuko mlangoni. Masika hii ya mwaka huu kona ilipata unyevu, marobota ya chini yalitoka na ukungu wa kijivu, tukayatupa, ya juu tukaendelea nayo. Chini wanalalia maranda ya fundi seremala, mengine yanakuja na unga wa mbao. Kufagia ni saa 12 asubuhi, farasi wakiwa ndani wanakula, saa 1 ndiyo tunawatoa.

Hilo la mfuko bosi amempigia daktari na amekubali kuja tena.

Mzee wa Hatamu

Vijana mnajitesa. Nilifanya kazi na farasi huko Kaskazini miaka mingi, mashamba ya watu. Farasi akikohoa hatukuita mashine, tulimtoa nje. Alale nje, ale nje, anyeshewe. Kikohozi kinaisha chenyewe. Banda ndilo linalomuumiza.

Dokta wa Kwato

Shikamoo mzee. Kwa vumbi uko sahihi kabisa, na vitabu vya Ulaya vinasema hivyo hivyo: mtoe nje usiku na mchana. Sasa msikilize Mchunga Punda pale juu. Usubi wanaruka kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza. Mjimwema ina madimbwi na mikoko, tena masika ndiyo imetoka kuisha. Ukimlaza Kipanga nje umemwondoa kwenye pumu ukampeleka kwa usubi. Huko juu kwenye baridi mlikuwa na nafasi hiyo, Pwani hatuna. Ushauri wa farasi ukinakiliwa kutoka Uingereza kama ulivyo unaweza kutuulia farasi hapa, na nimeshaona watu wakinakili.

Kwa hiyo saisi, mchana Kipanga awe nje mpaka jua linakaribia kuzama. Usiku aingie, lakini si kwenye chumba kile. Chumba chenye hewa, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana kwani wa mbu wa kawaida usubi wanaupenya, na feni kama umeme upo. Usubi ni wadhaifu wa kuruka, upepo wa feni unawashinda. Na feni isielekezwe kwenye marobota, maana utakuwa umewasha mashine ya histamini.

Kufagia: farasi watoke kwanza. Vumbi la ufagio linaelea muda mrefu kuliko unavyoliona kwenye mwanga, na wewe unamtoa saa 1 akiwa amelivuta saa nzima huku pua iko ndani ya majani. Kikohozi chake cha matiti kinaanzia hapo. Mwagia maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia.

Majani makavu yaloweke kabla ya kumpa, nusu saa inatosha, yalowane yote mpaka katikati ya fungu, kisha mpe yakiwa bado majimaji. Usiloweke usiku kucha kwa joto hili, yatachacha. Maji yale mwaga, usimpe kunywa. Mkipata mabichi ya kukata ni bora zaidi, ila mbadilishie polepole, tumbo la farasi halipendi haraka. Na yale marobota ya juu mliyoendelea nayo: fungua moja nje, lipige chini mara moja, wewe simama upande upepo unakotoka. Ukiona vumbi kama moshi, hilo si chakula.

Kuhusu maranda yenye unga, mwombe fundi yale yanayotoka kwenye randa, siyo yale ya chini ya msumeno.

Pumzi Ndefu

Dokta, kama mashine haipo, unathibitishaje? Kuondoa vumbi na kuona kikohozi kimepungua ni dalili nzuri, lakini kwetu tungesema hujapima.

Dokta wa Kwato

Haki yako. Kinachoweza kufanyika bila mtambo wowote wa ajabu ni kuosha kipande cha pafu na kuhesabu seli. Farasi anapozwa kwa sindano, mpira wa karibu mita 3 unapita puani mpaka ukwame kwenye tawi la pafu, unaweka ganzi kidogo njiani ili asikohoe mno, unaingiza maji ya chumvi ya dripu, 250 mpaka 500 mililita, unayavuta tena. Sampuli nzuri ina povu juu, ukiona povu umefika kwenyewe. Kwenye darubini unahesabu aina tatu za seli za kinga: farasi mzima nyutrofili hazizidi asilimia 5, seli za masti 2, eosinofili 1. Zikizidi hapo kidogo na ana dalili kama za Kipanga, una jibu. Pumu kali nyutrofili zinavuka 25.

Ugumu wake Dar si mpira, ni saa. Seli zile zinaharibika. Sampuli ikae kwenye barafu na slaidi zitengenezwe siku hiyo hiyo, kwa hiyo kabla ya kumchoma farasi sindano mpigie kwanza msomaji wa slaidi, uhakikishe yupo, na usifanye Ijumaa mchana.

Majibu ya kuosha na ya kuchokoza hayaendi pamoja kila mara. Wenye seli za masti nyingi mara nyingi ndio mapafu yao yanachokozeka kirahisi. Lakini utakuta mwenye nyutrofili nyingi na mapafu matulivu, na kinyume chake. Moja linakuambia kuna moto, jingine linakuambia mlango unajifunga upesi kiasi gani. Ningekuwa na uwezo ningefanya yote mawili.

Na kuhusu kikohozi chenyewe, Saisi, usikidharau kwa kuwa ni mara mbili tatu. Farasi wengi wenye mapafu yaliyovimba hawakohoi kabisa. Anayekohoa anasema kweli, asiyekohoa hujui. Malaika naye mtazame.

Kijana wa Tandika

Na pumzi za baada ya kazi? Jamaa kasema mbavu zinakwenda.

Dokta wa Kwato

Swali zuri kutoka kwa mtu aliyesema yuko pembeni. Dar kile kipimo kinadanganya. Farasi akipata joto anahema haraka ili ajipoze, na Februari mchana hapa kila farasi ni mgonjwa kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana nimependa Saisi alivyomlinganisha na Malaika: kazi ile ile, jua lile lile, saa ile ile. Waogeshe maji wote wawili kwanza, kisha hesabu. Na usihesabu tu, tazama pua na tumbo. Pumzi za haraka na nyepesi ni joto. Za kusukuma kwa tumbo ni kitu kingine.

Mchunga Punda

Sasa dawa? Maana mmeandika vumbi vumbi tu.

Dokta wa Kwato

Dawa ni za daktari atakayemshika, siyo za uzi. Ila mambo mawili. Dawa ya kupanua njia za hewa peke yake, farasi akiwa bado kwenye vumbi, inafungua mlango ili vumbi liingie ndani zaidi, na inakufichia dalili. Vidonge vya jirani ndiyo viko hapo, umefanya vyema kuviacha. Dawa za steroidi zinashusha uvimbe kweli, lakini zinapunguza kinga, na kuna farasi zinazowaletea matatizo ya kwato, kwa hiyo hazitolewi kwa kubahatisha. Tena zikitangulia kabla ya kuosha pafu, seli mtakazohesabu hazitawaambia ukweli.

Saisi wa Mjimwema

Dokta, bosi amesoma uzi wote. Daktari amekuja na mfuko. Kipanga alipovuta zile pumzi ndefu alikohoa mwenyewe mfuko ukiwa bado puani, na daktari akasikia miluzi upande wa kulia, akanipa stetoskopu nikasikia na mimi. Malaika alitikisa kichwa tu, kimya. Wamekubaliana na bosi kuosha pafu, wanatafuta siku ambayo msomaji wa slaidi yupo. Dawa hajapewa yoyote.

Robota nimelipiga chini kama ulivyosema. Nimelipeleka kwa mwenye shamba la minazi jirani, ataweka kwenye mashimo ya mbolea.

Swali la mwisho. Kipanga nimemhamishia mlangoni kwa Malaika. Je, Malaika akikaa kile chumba cha kona, kwa kuwa yeye mapafu yake mazima, kuna shida?

Dokta wa Kwato

Usimweke Malaika pale. Kinachohama ni marobota. Jengeni kibanda cha marobota pembeni, upande ambao upepo wa kusi hautoi vumbi kuleta bandani, sakafu iinuliwe kwa mbao za pangilio. Hata turubai na nguzo nne zinatosha mpaka vuli.

Saisi wa Mjimwema

Sawa dokta. Nguzo zipo, turubai nalifuata kesho Kariakoo.